Watatu kwa Kila Mia

Mwaka 1946, katika mji wa Bridgend kusini mwa Wales, serikali ya Uingereza ilifungua kiwanda cha samani na fidla. Wengi wa waliofanya kazi humo walikuwa wachimba makaa ya mawe ambao hawakuweza tena kushuka mgodini. Wengine mapafu yao yalikuwa yamejaa vumbi, wengine walikuwa wameumia viungo. Hakuna kati yao aliyekuwa amekulia kwenye ufundi wa fidla. Walifundishwa, wakashika kazi, wakarudi katika hesabu ya watu wanaopokea mshahara.

Kampuni iliyoendesha kiwanda hicho iliitwa Remploy, jina lililofinyangwa kutoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kuajiri upya. Ilizaliwa na sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu iliyopitishwa Machi 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinapiganwa. Kifungu kilichojulikana zaidi katika sheria hiyo kilisimama juu ya namba mbili: mwajiri yeyote mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alitakiwa kuhakikisha kwamba asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu.

Sasa fungua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania Bara, Namba 9 ya mwaka 2010, kifungu cha 31. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Asilimia 3.

Ni namba zilezile, na kati yake imepita miaka 66. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba tulipoziandika katika sheria yetu, Waingereza walikuwa wamekwisha kuzifuta katika yao miaka mingi nyuma. Inafaa kujua namba hizi zilitoka wapi, zilifanya kazi vipi huko zilikokuwa, na nini kiliachwa njiani zilipokuwa zikija. Namba ni abiria mwepesi. Huvuka bahari bila mzigo, na mara nyingi mzigo ulioachwa bandarini ndio uliokuwa ukiifanya ifanye kazi.

*

Kabla ya vita vya kwanza vya dunia, mtu mwenye ulemavu Ulaya alitegemea ndugu, kanisa, hisani ya matajiri au nyumba za maskini. Vita vilibadilisha mambo kwa sababu rahisi: viliwaharibu viungo wanaume wengi mno kwa wakati mmoja, na wote walikuwa wametumwa na serikali. Ujerumani peke yake ilibaki na majeruhi wa kudumu wapatao milioni moja na nusu. Hisani isingetosha kwa umati wa namna hiyo, na serikali ilikuwa inaogopa umati wa watu waliojua kutumia bunduki.

Mwaka 1920 Ujerumani ikapitisha sheria iliyowalazimisha waajiri kuanzia wale wenye wafanyakazi 20 kuajiri watu waliopata ulemavu mkubwa vitani au kwa ajali za kazini. Austria na Italia zilichukua njia hiyohiyo, na Ufaransa ikafuata mwaka 1924. Namba 20 tunayoisoma leo katika sheria yetu ilikuwa tayari imekwisha kuandikwa Berlin.

Uingereza wakati ule ilikataa kulazimisha. Badala yake ilianzisha mwaka 1919 orodha ya heshima chini ya jina la mfalme. Mwajiri aliyefikisha asilimia 5 ya majeruhi wa vita katika wafanyakazi wake aliruhusiwa kutumia alama ya orodha hiyo kwenye barua zake. Zaidi ya hapo kulikuwa na karakana za hisani. Maarufu kuliko zote ni kiwanda kidogo cha London kilichoanza mwaka 1922 kutengeneza maua mekundu ya kumbukumbu ya vita. Ua lenyewe lilibuniwa ili mtu mwenye mkono mmoja aweze kuliunganisha. Huo ni ubunifu mdogo, lakini una somo kubwa: walianza na mtu aliyekuwapo, kisha wakaitengeneza kazi imfuate.

Sisi nasi tulikuwemo katika vita hivyo. Upande wa Waingereza na washirika wao ulichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika karibu milioni moja ili kubeba chakula na risasi katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wanakadiriwa kukaribia laki moja. Jeshi lao la mizigo liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na masikio yetu yakaligeuza kuwa Kariakoo. Mtu akinunua kitenge Kariakoo ya Dar es Salaam, au akila nyama choma Kariokor ya Nairobi, anatamka jina la jeshi hilo. Wapagazi waliorudi na mguu uliooza au mgongo uliovunjika hawakuandikiwa sheria ya ajira wala kuwekewa orodha ya mfalme. Walirudi vijijini, na mzigo wa kuwatunza ukawaangukia wake zao, mama zao na watoto wao. Vita vilikuwa vilevile. Kule vilizaa sheria, huku vikaacha jina la soko.

*

Mwaka 1944 mambo yalijirudia kwa namna ya kuumiza. Wakati Bunge la London linapitisha ile asilimia 3, askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakiandaliwa kwenda kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Kutoka Tanganyika peke yake wanaume zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita vile. Sheria ya ajira ya mwaka huo iliishia kwenye mipaka ya Uingereza.

Ndani ya mipaka hiyo, hata hivyo, ilikuwa sheria yenye viungo vyake vyote. Watu wengi hukumbuka asilimia 3 na kusahau vilivyoizunguka. Kulikuwa na daftari la serikali ambamo mtu mwenye ulemavu alijiandikisha kwa hiari na kupewa kadi. Kulikuwa na maofisa maalumu katika ofisi za ajira, kazi yao ikiwa kumtafutia mtu mmoja mmoja kazi inayomfaa. Kulikuwa na vituo vya kumrudishia mtu nguvu na mazoea ya kazi baada ya hospitali, na vyuo vya serikali vya kumfundisha ufundi mpya. Kwa yule ambaye soko la kawaida lisingempokea kabisa, kulikuwa na viwanda vya Remploy. Daftari, ofisa, chuo, kiwanda: namba ilikuwa kiungo kimoja tu katika mnyororo.

Kulikuwa pia na mambo ya aibu kidogo. Sheria ilimpa waziri uwezo wa kutenga aina fulani za kazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu pekee. Zilizotengwa zilikuwa mbili: kuendesha lifti za abiria na kulinda maegesho ya magari. Ilikuwa kama nchi imejiuliza wanaweza kufanya nini, ikajibu haraka na kwenda kulala.

Mwaka 1950 daftari lilikuwa na watu zaidi ya 900,000. Kisha likaanza kupungua. Askari wa vita walizeeka, na vijana wenye ulemavu waliona faida gani ya kujiandikisha? Kadi iliwatambulisha kwa mwajiri kabla hawajafungua mdomo. Kadiri daftari lilivyopungua, asilimia 3 ikawa haiwezekani hata kwa hesabu, kwa maana watu walioandikwa hawakutosha kuzijaza nafasi. Waajiri wakaomba vibali vya kusamehewa, na vibali vikatolewa kwa wingi. Katika miaka yote ya uhai wa kifungu hicho waajiri waliofikishwa mahakamani walikuwa kumi tu.

Sheria mpya ya kupinga ubaguzi ikapitishwa mwaka 1995, na mwaka uliofuata asilimia 3 ikaondolewa. Viwanda vya Remploy, ambavyo wakati fulani vilikuwa zaidi ya tisini na kuajiri watu wapatao 10,000, vilifungwa kimoja baada ya kingine hadi vya mwisho mwaka 2013. Baadhi ya wanaharakati wenye ulemavu waliunga mkono ufungaji huo, wakisema viwanda vya peke yao ni utengano wenye mshahara. Wafanyakazi wa viwanda hivyo waliandamana kuvitetea, kwa sababu walijua soko la nje lilikuwa linawasubiri na nini. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na mgogoro huo haujaisha popote duniani.

*

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kazi ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilikuwa imeanzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Wakatoliki mwaka 1963. Walimu walifanya kazi kubwa, ila swali la mtoto huyo atafanya nini akiwa mtu mzima halikuwa na mwenyewe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na jibu, na jibu hilo linafaa kusomwa polepole. Lilisema kwamba katika nchi ya ujamaa kila anayeweza anafanya kazi, na halafu likataja wale ambao hawafanyi kazi lakini wana haki ya kutunzwa na wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, watu wenye ulemavu, na wale ambao taifa kwa wakati huo halijaweza kuwapatia kazi. Kwa zama zile huo ulikuwa wema wa kweli. Mtu ambaye ukoo ungeweza kumficha chumba cha nyuma alitajwa katika hati kuu ya chama, na akapewa haki. Lakini haki aliyopewa ni ya kulishwa. Katika nchi ambayo kazi ndiyo iliyokuwa kipimo cha utu, na mtu aliyeishi kwa jasho la wenzake aliitwa kupe au mnyonyaji, yeye aliwekwa mlangoni pa nyumba hiyo ya kazi, akakaribishwa kula na si kuingia.

Lugha nayo ilikuwa imekwisha kumweka mahali pake. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: wote tuliwapanga katika ngeli ya ki-vi, wanamokaa kiti na kijiko. Baadaye tukasema mlemavu, na siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, maneno matatu yanayoanza na mtu. Viziwi wao waliamua vingine. Chama chao, CHAVITA, kinajiita Chama cha Viziwi Tanzania, na wanaona neno lao halina aibu yoyote.

Mapema miaka ya 1970 serikali ilianza kurekebisha ule ukimya wa Azimio bila kuutaja. Chuo cha Yombo kikafunguliwa Dar es Salaam kuwafundisha ufundi vijana wenye ulemavu: useremala, ushonaji, uchomeleaji na kazi nyingine za mikono. Baada ya muda kukawa na vyuo vya namna hiyo mikoani, vikiwemo cha Singida, Luanzari cha Tabora, Masiwani cha Tanga, Mirongo cha Mwanza na Mtapika cha Masasi. Jina lake rasmi ni vyuo vya ufundi stadi na marekebisho. Neno hilo la mwisho lina historia ndefu katika mashirika ya kimataifa, na mwaka 1955 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo zima juu yake. Lakini lisikilize kwa Kiswahili. Anayerekebishwa ni kijana. Ngazi za ofisi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu hazijawahi kupelekwa chuo cha marekebisho.

*

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata Tanzania ikapitisha sheria mbili kwa mpigo. Namba 3 ya 1982 ilihusu matunzo. Namba 2 ya 1982 ilihusu ajira, na hapo ndipo namba ilipotua kwetu kwa mara ya kwanza: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2. Miaka 15 baada ya Azimio, mtu yule aliyewekwa mlangoni aliambiwa aingie.

Aliingia nyumba ikiwa inabomolewa. Waajiri wakubwa wa mwaka 1982 walikuwa serikali yenyewe na mashirika ya umma: viwanda vya nguo, mamlaka za mazao, benki, reli. Ulikuwa wakati wa foleni za sukari na sabuni, viwanda vikifanya kazi nusu kwa kukosa vipuri. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya 1990 mashirika ya umma yapatayo 400 yakawekwa kwenye orodha ya kubinafsishwa. Neno lililokuwa midomoni mwa wafanyakazi lilikuwa kupunguzwa. Kiwanda kinachotafuta nani wa kumwondoa hakina hamu ya kutafuta nani wa kumwingiza kwa mujibu wa asilimia 2.

Hapa ndipo panapoonekana udhaifu ambao hakuna sheria ya Ulaya iliyowahi kuupata kwa kiasi hiki. Asilimia ni sehemu ya kitu. London na Berlin waliandika namba zao katika nchi ambazo mfanyakazi wa kawaida alikuwa na mwajiri, na mwajiri alikuwa na kitabu cha mishahara. Kwetu watu wengi riziki yao iko shambani, gengeni, kwenye bodaboda na kwenye fremu yenye cherehani mbili. Watatu kwa kila mia ni wengi au wachache kutegemea hiyo mia iko wapi. Sheria inamgusa mwajiri mwenye watu 20, na mtaa mzima unaweza kukosa mwajiri wa namna hiyo.

Sheria ya 2010 ilikuja baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2009, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ilishusha kizingiti kutoka wafanyakazi 50 hadi 20, na ikapandisha kiwango kutoka asilimia 2 hadi 3. Jirani zetu Kenya waliandika asilimia 5 katika Katiba yao mwaka huohuo wa 2010, kwa ajili ya vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kwa upande wa mahitaji, sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa kuanzia miaka 7 wana ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo hata kama kila mwajiri angetimiza wajibu wake kesho asubuhi, walio wengi wangebaki nje.

Ni kama serikali ililitambua hilo, maana mwaka 2018 ikaingia sheriani njia nyingine: halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko kuhusu namna fedha zilivyokuwa zikipotea, na ikarudishwa mwaka 2024. Kwa fundi cherehani aliyetoka chuo akiwa na cheti bila cherehani, kusimama huko hakukuwa habari ya gazetini. Na wenyewe hawakungoja. Jijini Dar es Salaam wenye ulemavu wa miguu waligundua bajaji mapema, chombo kinachoendeshwa kwa mikono, na kwa miaka mingi wamebishana na wakubwa wa jiji juu ya ruhusa ya kuingia nazo katikati ya mji.

*

Je, basi namba haina maana, tuifute kama walivyoifuta Waingereza? Tazama waliobaki nayo. Ujerumani, ilikoanzia, bado ina sheria hiyo, na waajiri kuanzia wale wenye wafanyakazi 20 wanadaiwa asilimia 5. Tofauti ni kwamba mwajiri asiyetimiza hulipa tozo kwa kila nafasi aliyoiacha wazi, na fedha hizo zinakwenda kwenye mafunzo, vifaa na kurekebisha mahali pa kazi pa wale walioajiriwa. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo mwaka 1987: asilimia 6, na anayeshindwa anachangia mfuko maalumu. Si kwamba huko kila nafasi imejazwa. Lakini mwajiri anayepuuza anapokea ankara, na ankara hiyo inamlipia seremala wa kujenga njia ya kiti cha magurudumu kwa mwajiri mwingine. Uingereza ilikuwa na mahakama ambayo haikutumiwa. Wenzao walikuwa na ankara inayojituma yenyewe.

Hicho ndicho kilichoachwa bandarini. Tulichukua 20 na 3, tukaacha ofisa anayemtafutia mtu kazi mmoja mmoja, na tukaacha tozo. Vyuo tulikuwa navyo tayari, vingine vikiwa vimepitia miaka ya kusimama kwa kukosa fedha na ukarabati kabla ya kufufuliwa.

Kila mwaka wahitimu wanatoka Yombo na vyuo vyenzake, na majina yao yanaandikwa. Kila mwajiri mwenye watu 20 ana orodha ya mishahara anayoipeleka mamlaka ya mapato na mfuko wa hifadhi ya jamii bila kukosa, kwa sababu anajua kuchelewa kuna gharama. Orodha hizo mbili zikiwekwa kwenye meza moja, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kutoa ankara, ndipo watatu kwa kila mia watakapoanza kuwa na majina.